Ruta Mpya Mkononi: Hesabu Njia za Kuingilia Kwanza

Wewe unayeanza kazi ya mitandao, ukikabidhiwa ruta au swichi usikimbilie kuweka nenosiri. Orodhesha kwanza njia zote ambazo mtu anaweza kuingilia: konsoli (tundu la kuchomeka kebo kwenye kifaa chenyewe), laini za VTY (njia za kuingia kupitia mtandao), ukurasa wa wavuti, SNMP (itifaki ya kufuatilia na kusimamia vifaa). Wengi hufunga ile wanayoitumia wenyewe, nyingine wakaziacha zilivyotoka kiwandani.

Chukua VTY kwenye vifaa vya Cisco. Mafunzo mengi huonyesha amri line vty 0 4, na mwanafunzi huikariri hivyohivyo. Lakini swichi nyingi zina laini 0 hadi 15, kwa hiyo masharti uliyoweka kwenye tano za mwanzo hayazigusi kumi na moja zilizobaki. Andika line vty 0 15, ruhusu SSH tu (kuingia kwa mbali kwa njia iliyosimbwa) kwa transport input ssh, kisha tumia access-class kutaja anwani za mtandao wa usimamizi. Kama kifaa kina IPv6, iwekee IPv6 orodha yake ya anwani zinazoruhusiwa. Ile ya IPv4 haiizuii. Hapa hata wazoefu huteleza.

Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwa mbali, izime bila mjadala, maana nenosiri hupita wazi. Ukurasa wa wavuti nao, kama hauna kazi nao, uzime. SNMP toleo la 2c inalindwa na neno la siri ambalo halifichwi njiani, na mvamizi huanza kwa kujaribu maneno public na private. Hamia toleo la 3.

Usidanganywe na service password-encryption, amri ya kuvuruga manenosiri yaliyo kwenye usanidi. Maneno yale yaliyovurugwa hufumbuliwa kwa sekunde chache kwa programu za bure. Tumia enable secret (nenosiri la msimamizi linalohifadhiwa kwa njia ngumu zaidi kufumbua), na kila fundi awe na akaunti yake.

Konsoli ni suala la kufuli la chumba kuliko la amri: mwenye kebo na uwezo wa kuzima umeme kwa kawaida anaweza kufuata utaratibu wa kurejesha nenosiri. Ila exec-timeout 0 0, inayoacha kikao wazi bila kikomo, usiiweke kamwe, hata kama kutolewa baada ya dakika 10 za kawaida bila kugusa kitu kunakukera.

Ukifanya haya ukiwa mbali, hifadhi kwanza usanidi unaofanya kazi, kisha piga reload in 10 (kifaa kijiwashe upya baada ya dakika 10) kabla ya kugusa access-class. Usihifadhi mabadiliko bado. Acha dirisha la kwanza wazi, jaribu kuingia kwa la pili. Ukikubaliwa, piga reload cancel kufuta kuwashwa huko, ndipo uhifadhi. Ukijifungia nje, subiri: kifaa kitajiwasha upya na usanidi wa zamani.