Maswali ya kinywa: taya, gego na waya

*Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 6 amevimba taya ndani ya wiki chache na meno yanalegea. Majirani wanasema aking'olewa jino uvimbe utashuka.* Mama, Nansio

Marahaba, mama. Asing'olewe kwanza. Jipu la jino huja na maumivu na usaha. Taya la mtoto linalokua kwa kasi huku meno yakilegea linaweza kuwa saratani, limfoma ya Burkitt. Ukanda wetu huu wa Ziwa Victoria, penye malaria nyingi, unaijua sana. Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 kwa watoto aliowaona Uganda. Upasuaji wake ni mdogo tu: kukata kinyama kipelekwe maabara. Kinachotibu ni dawa za mshipani, na wakiwahiwa wengi hupona. Kesho asubuhi nenda hospitali ya wilaya, uombe rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza.

*Gego la mwisho linaniuma kila mara, nikinunua dawa dukani linatulia. Kwa nini nichanwe?* Kijana, Igoma

Kwa sababu linarudi, wewe mwenyewe umesema. Magego haya huota kati ya miaka 17 na 25, taya likikosa nafasi jino linalala, na chakula kinanasa chini ya ufizi. Utapigwa ganzi, ufizi utachanwa, mfupa kidogo utapunguzwa, pengine jino likatwe vipande ndipo litoke. Baadaye usivute sigara wala kusukutua kwa nguvu siku ya kwanza: donge la damu likitoka, shimo litakuuma kuliko jino. Uvimbe ukishuka shingoni au ukishindwa kumeza, nenda hospitali usiku huohuo.

*Mume wangu kaanguka na bodaboda, wamemfunga meno kwa waya. Atakula nini?* Buzuruga

Pole. Mfupa huunga ukitulia, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Wanaowekewa bamba na skrubu hufungua mdomo mapema. Uji wa lishe, maziwa, mchuzi wa sato uliosagwa na kuchujwa. Na plaizi ya kukatia waya ikae karibu naye usiku na mchana. Akianza kutapika, kateni.

*Mjukuu ana miezi mitano, anaharisha. Tumtoe meno ya plastiki?* Bibi, Sengerema

Hapana, bibi, shikamoo. Hayo meupe ndani ya ufizi, yanayoitwa meno ya plastiki, ni vichipukizi vya meno yake ya utotoni. Kuyachokonoa huleta maambukizi na damu nyingi, na hata meno ya ukubwani huweza kuota yameharibika. Anyonye, apewe ORS na zinki, na leo hii apelekwe zahanati.