Jibu: Stempu za kumbukumbu na urafiki wa mataifa

Ndugu, umeuliza kama stempu imewahi kukutanisha mataifa yaliyohasimiana. Mfano ninaouthamini zaidi ni wa tarehe 15 Julai 1975, siku vyombo vya angani Soyuz, cha Kisovieti, na Apollo, cha Marekani, viliporushwa ili kukutana angani, ambapo Marekani na Umoja wa Kisovieti zilitoa stempu zenye michoro miwili ileile, mmoja wa Mmarekani Robert McCall na mwingine wa Msovieti Anatoly Aksamit, kila nchi ikitumia lugha na fedha yake. Hivyo Mmarekani aliyenunua jozi ya stempu za senti 10 alibandika kwenye bahasha yake, pengine bila kujua, kazi ya msanii wa upande wa pili. Vita Baridi havikukoma kwa hilo, bila shaka.