Kupanga timu 25 bora za vyuo Marekani mwezi Septemba: ushauri wa aliyeungua mara mbili

Mkuu, umesema umehamia Ohio mwaka huu, na wenzako kazini wamekupa karatasi yenye mistari 25 ili upange timu za mpira wa Kimarekani za vyuo. Umeuliza unakili tu orodha ya AP, yaani shirika la habari la Associated Press, au uamini macho yako. Mimi niko hapa Columbus mwaka wa nane, nafanya kazi ghalani, na karatasi kama hiyo nimeijaza misimu sita. Kwetu anayeshika mkia huwanunulia wote chakula cha mchana. Nimenunua mara mbili, kwa hiyo nisikilize kama mtu aliyelipa ada.

Kwanza toa Ligi Kuu kichwani. Sisi tumezoea msimamo: Simba na Yanga wanakutana nyumbani na ugenini, kila timu inacheza na kila timu, pointi zinajumlishwa, hakuna anayeomba maoni yako. Huku daraja la juu la vyuo lina timu zaidi ya 130, na karibu kila moja inacheza mechi 12 tu katika msimu wa kawaida. Vigogo wawili wanaweza kumaliza mwaka bila kukutana, na hata bila kucheza na mpinzani mmoja wa pamoja. Ndiyo maana tangu 1936 AP wanakusanya kura za waandishi wa michezo. Kila mmoja anaandika timu zake 25, ya kwanza inapata pointi 25, ya pili 24, mpaka ya mwisho inayopata 1, kisha karatasi zote zinajumlishwa. Tangu 1950 kuna pia orodha ya Agosti, inayotoka kabla mtu hajagusa mpira. Hiyo ya Agosti ni ubashiri mtupu, na kosa linaanzia pale watu wanapoisoma kama msimamo.

Chukua 2025. Texas ilianza namba 1, mara ya kwanza katika historia yake kufungua msimu hapo. Lakini wapiga kura walikuwa 65, na walioiweka kileleni walikuwa 25 tu. Penn State ilikuwa nyuma yake kwa pointi tano. Yaani wengi wa wapiga kura hawakuamini kuwa Texas ndiyo bora, ila ilitoka namba 1 vilevile. Wikiendi ya kwanza ikaja hapa kwetu ikachapwa na Ohio State 14-7, na mwishoni haikuingia hata kwenye mchujo wa timu 12 unaotoa bingwa wa taifa. Mimi nilikuwa nimenakili nne bora za AP zilivyo: Texas, Penn State, Ohio State, Clemson. Clemson nayo ilifungwa na LSU nyumbani kwake siku hiyohiyo.

Ila iliyonimaliza ni Penn State, na hapa naomba utulie, maana ndipo somo lilipo. Penn State ilianza kwa kucheza na Nevada, FIU na Villanova. Ikashinda zote, jumla 132 kwa 17. Ukiangalia matokeo unasema hii timu ni moto. Lakini Villanova ni ya daraja la chini, na hao wengine wawili ni vibonde. Penn State haikuwa imethibitisha chochote, ila ilibaki juu kwa sababu ya namba iliyopewa Agosti. Ndivyo orodha hizi zinavyofanya kazi mwanzoni: timu haipandi wala haishuki kwa ubora wake, inakaa ilipowekwa mpaka ifungwe. Mwisho wa Septemba ikaja Oregon, Penn State ikafungwa 30-24 baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Nikajiambia si mbaya, wamefungwa na wakubwa wenzao. Juma lililofuata wakaenda kwa UCLA, timu iliyokuwa haijashinda mechi hata moja na ilikuwa imeshamfukuza kocha wake, wakapigwa 42-37. Wiki moja baadaye Northwestern wakawafunga 22-21, na kocha James Franklin akaonyeshwa mlango. Yote hayo kabla Oktoba haijafika katikati. Karatasi yangu ilikuwa bado imewaweka namba 9 siku ya UCLA. Kuna mwenzetu mmoja Mkongomani, mtu wa Bukavu, hakuwa amewaweka kabisa. Nilipomuuliza alijuaje, alisema: "Sikujua, kaka. Sikuwa nimewaona wakicheza na mtu."

Bingwa wa msimu huo alikuwa Indiana. Alianza namba 20.

Sasa usije ukakimbilia upande wa pili, ukasema basi nitafuata matokeo tu. Huko ndiko nilikoungulia 2024. Septemba ile Notre Dame, namba 5, ilifungwa nyumbani na Northern Illinois 16-14. Nikaifuta kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, na Northern Illinois nikaipachika namba 22. Jamaa wakarudi uwanjani wakafungwa na Buffalo, na Notre Dame ikaenda mpaka fainali ya taifa. Hata 2025 ilikuwa hivyo: Florida State iliifunga Alabama 31-17 wiki ya kwanza, watu wakaizika Alabama. Alabama ikaingia kwenye mchujo, Florida State ikamaliza na ushindi mara 5 na kufungwa mara 7.

Tena Florida State hao ni kesi yangu ya zamani. Kabla ya msimu wa 2024 niliwaweka kumi bora, kama AP walivyofanya, kwa sababu mwaka uliotangulia walikuwa wameshinda mechi 13 mfululizo. Sikujiuliza ni akina nani waliozishinda. Wengi walikuwa wameshaenda NFL, ligi ya kulipwa, na kwotabeki, yule anayerusha mipira na kuongoza mashambulizi, alikuwa mpya, kaletwa kwa usajili. Wakaenda Dublin kufungua msimu, wakafungwa na Georgia Tech 24-21, wakamaliza na ushindi mara mbili tu mwaka mzima. Siku hizi wachezaji wa vyuo wanahama kila mwaka na wanalipwa, kwa hiyo jezi ya mwaka jana haikuambii kitu. Soma kikosi.

Basi mimi nafanya hivi. Nyuma ya karatasi nachora safu mbili. Kushoto naandika nilichoona: timu imemshinda nani, wapi. Kulia naandika ninachoamini: kwotabeki ni nani na amewahi kucheza hapo, wale mabonge wa mstari wa mbele wamerudi wangapi, kocha ni yuleyule au mgeni. Wiki mbili za kwanza kushoto kunakuwa karibu kutupu, kwa hiyo unalazimika kutumia kulia, hakuna aibu. Lakini kila Jumamosi kushoto kunajaa, na kila kushoto kunapojaa unafuta kitu kulia. Hata mitambo ya hesabu, kama SP+ ya mchambuzi Bill Connelly, huanza na makadirio ya kikosi, usajili na historia ya karibuni, kisha inayapunguza uzito kadiri mechi zinavyochezwa. Ubaya ni kuchanganya safu hizo mbili bila kujua, ukadhani umeona kitu kumbe ulikuwa umekiamini tu tangu Agosti.

Kwenye kuangalia mechi zenyewe, matokeo ya mwisho yaache. Vigogo huwalipa vibonde waje wapigwe nyumbani kwao, hundi nyingine zinapita dola milioni moja kwa mechi moja, na baada ya mapumziko wanaingia wachezaji wa akiba. Angalia kipindi cha kwanza. Angalia timu inasogea yadi ngapi kwa kila mpira inaoucheza na inamruhusu mpinzani ngapi. Na mipira iliyodondoka isikudanganye: mpira ule una umbo la yai, ukianguka chini unaruka unakotaka, na nani anauokota ni bahati zaidi kuliko ufundi. Timu iliyoshinda kwa kuokota mipira mitatu mimi siipandishi, hata wakinizomea.

Mfano wa timu ya kupandisha bila kusita ulikuwa Indiana tarehe 20 Septemba 2025. Illinois ilikuwa namba 9. Indiana ikaipiga 63-10. Huo si mpira wa kuokota. Mimi niliisogeza nafasi nne tu, kwa woga wa jina, maana Indiana kwa miaka mingi ilikuwa timu ya kufungwa na kila mtu. Lile jina ndilo lililonipeleka dukani kununua kuku wa watu kumi na mmoja.

Usidharau mechi za mwanzo pia, maana namba za Agosti husahaulika ila matokeo hubaki. Tarehe 31 Agosti 2025 Miami iliifunga Notre Dame 27-24. Desemba timu zote mbili zilikuwa zimeshinda mechi 10 na kufungwa 2, zikigombea nafasi ya mwisho ya mchujo. Kamati inayopanga mchujo, ambayo haitoi orodha yake ya kwanza mpaka Novemba, ikairudia ile mechi ya Agosti na kumchagua Miami. Miami akafika fainali.

Kwa karatasi yako ya wiki hii: nane za juu zipange kwa umakini, kumi zinazofuata zifikirie kama kundi moja, wala usipoteze usingizi nani ni wa 14 na nani wa 15. Kuanzia 19 kushuka weka timu ambazo wenzako hawajazitaja, huko ndiko Indiana wa mwaka huu atakuwa. Na usiandike Jumamosi usiku. Mechi za pwani ya magharibi kwa saa zetu zinaisha saa saba, hata saa nane za usiku. Nishajaza karatasi nikalala, nikaamka nikakuta namba 6 yangu kafungwa, na bosi wa zamu hakubali karatasi iliyokwanguliwa.