Nimepata nafasi chuo cha mitindo, lakini sijui kuchora

SWALI: Shangazi, hujambo? Nina miaka 20 na naishi Kayole. Mwezi ujao naanza diploma ya ubunifu wa mitindo katika chuo kimoja hapa mjini. Siku niliyoenda kuchukua barua niliwaona wanafunzi wa mwaka wa pili wakiwa na madaftari ya michoro, wasichana warefu wembamba wenye magauni yanayopepea. Mimi hata mkono wa binadamu siwezi kuuchora. Cherehani nimeigusa mara mbili tu, kwa jirani. Orodha ya vifaa tuliyopewa ina vitu 23, na baba ananiambia ushonaji ni kazi ya waliofeli. Nianzie wapi? Au nimechagua vibaya?
Mwenye Wasiwasi, Kayole

JIBU: Sijambo mwanangu, na hongera. Barua yako ilinifikia pasi ikiwa moto mkononi, nikaizima kwanza nikakaa nikaisoma yote.

Kuchora kusikukoseshe usingizi. Wale wasichana warefu uliowaona wana kanuni yao. Mtu wa kawaida, ukimpima kwa kichwa chake mwenyewe, urefu wake ni kama vichwa saba na nusu. Wa mitindo huchorwa vichwa tisa, na urefu ulioongezwa mwingi huenda miguuni. Igawe karatasi mara tisa kwa rula, uweke bega hapa, kiuno pale, goti pale. Baada ya mwezi mmoja mkono wako utakuwa umezoea. Halafu kuna mchoro mwingine ambao ndio fundi huufanyia kazi: nguo peke yake bila mtu ndani, mbele na nyuma, kila mshono na kila kifungo mahali pake, zipu ikionyesha inapoishia. Huo unataka usafi na ukweli. Nimewahi kuletewa mchoro mzuri ajabu wa gauni ambalo halikuwa na mahali pa kulivulia.

Kinachowaliza wengi muhula wa kwanza ni kitambaa. Kwa hiyo anza leo, kabla chuo hakijafunguliwa. Mwombe mama leso kuukuu. Ishike kwa mikono miwili uivute sambamba na ule ukingo wa kiwandani usiofumuka: haitanyumbuka. Ivute kwa upana: italegea kidogo. Sasa ivute mshazari, kona kwa kona, uone inavyorefuka kama inayeyuka. Hayo mambo matatu ndiyo yatakayoamua kama sketi yako itaning'inia vizuri au itajisokota miguuni baada ya kufuliwa mara moja. Mwalimu atakuambia ufuate mkondo wa uzi, yaani uelekeo wa nyuzi za kitambaa, na wewe utakuwa umeshaujua kwa vidole.

Nikueleze lililonipata. Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja aliniletea kitenge cha yadi sita chenye ndege, cha kuvaa arusini kwa mwanawe. Nilikuwa na haraka. Nikakikunja ncha kwa ncha, nikakata mbele na nyuma kwa mkato mmoja. Ukikunja hivyo, safu moja huwa imegeuka juu chini. Mbele ndege waliruka vizuri. Nyuma wote walikuwa wanaangalia ardhi. Nililipa kitenge kingine, lakini arusi haikuningoja, na mama yule alikwenda na gauni la kuazima. Yule mama simsahau. Hadi leo sikunji kitambaa kabla ya kukitandaza chote mezani nikakitazama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Ndiyo maana chuoni nguo yako ya kwanza hutaikata kwenye kitenge. Utapewa amerikani, ile pamba isiyotiwa rangi, iliyobaki na jina hilo tangu karne ya 19 ilipokuwa ikiletwa Zanzibar kwa merikebu kutoka Marekani. Nunua yadi kadhaa uwe nazo nyumbani. Ukiiharibu, unakata nyingine, hakuna anayelia.

Kuhusu orodha, usinunue vyote 23. Siku ya kwanza uwe na mkasi mzuri wa kitambaa, futi ya kamba, rula ndefu, chaki, pini, sindano za mkono na kile kichuma kidogo cha kufumulia mshono. Mkasi huo usikate karatasi hata siku moja, na mtu wa nyumbani asiuguse. Rula za mviringo na sanamu la kuvishia nguo vitangoja hadi mwalimu aseme vinahitajika lini. Mara nyingi chuo huwa navyo vya kutumia darasani. Vitu vidogo vidogo utavipata Biashara Street. Zunguka maduka matatu kabla ya kutoa pesa.

Kisha nenda Gikomba. Mimi nimekulia Pumwani, soko hilo ni pua na mdomo na kwetu, na ndilo lililonifundisha koti. Tafuta koti la mitumba lililochanika au lenye doa, la bei ya kutupa. Jumamosi nzima lifumue polepole: bitana kwanza, halafu mikono, halafu kola. Utakuta ndani kitambaa kigumu kinacholisimamisha kifua, pedi za mabega, na mishono iliyoshonwa kwa mkono ambayo hukujua ipo. Utagundua pia kwamba sehemu ya juu ya mkono wa koti ni kubwa kuliko tundu linaloupokea, na fundi aliubembeleza uingie bila hata mkunjo mmoja. Kila kipande kiandike jina, kilaze juu ya karatasi ukichore pembeni. Kwangu mimi, hilo koti ni sawa na wiki mbili za darasa.

Baba yako usibishane naye. Kama ana nafasi, mpeleke Uhuru Market akaone sare za shule zinavyoshonwa na mafundi wanaolipa karo za watoto wao kwa cherehani. Mweleze pia viwanda vya EPZ kule Athi River, vile vinavyotengeneza bidhaa za kuuza nje ya nchi, vilivyopata nguvu baada ya sheria ya AGOA ya Marekani ya mwaka 2000 kuzifungulia nguo zetu soko la huko. Kazi ya huko ni ngumu, mtu anaweza kushona mifuko tu kutwa nzima, sitakuficha. Lakini wanaochora vielelezo, wanaokagua ubora na wanaopanga ukataji huko ndani wamesomea, na hawakufeli.

Lakini kuna jambo ambalo nakuomba ulifanye kesho asubuhi, kabla ya kulipa hata shilingi. Hakikisha chuo hicho na kozi hiyo vimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, na uulize mtihani wa mwisho unatolewa na nani: KNEC, lile baraza la mitihani la taifa, CDACC, baraza la mitihani ya vyuo vya ufundi, au chuo chenyewe. Binti wa dada yangu alisoma mwaka mzima mahali fulani penye vioo na taa nzuri, akatoka na cheti kisichotambuliwa popote. Alianza upya akiwa na deni. Ofisi ikikasirika kwa sababu umeuliza, ondoka na pesa zako.

SWALI: Shangazi, niko mwaka wa kwanza na naishi Dandora, ambako stima hupotea mara kwa mara. Ninunue cherehani ya umeme au ya miguu?
Msomaji, Dandora

JIBU: Ya miguu, mwanangu, na iliyotumika haina ubaya. Haingojei stima, na itakufundisha kwenda polepole kwenye kona. Usiinunue kwa kuitazama tu. Zungusha gurudumu kwa mkono usikilize kama kuna chuma kinachogonga, kisha shona kitambaa chepesi kwa sindano namba 11 na jinzi iliyokunjwa mara mbili kwa namba 16, ugeuze upande wa chini uone kama uzi umelala sawa au umefanya vitanzi. Beba vipande vyako mwenyewe na sindano zako. Muuzaji akikukataza kujaribu, nenda kibanda kinachofuata.