Ukitaka Kuhamia Linux, Nenda Dukani na Flashi Yako

Kila vyuo vinapofungua, vijana wa mwaka wa kwanza hapa Mbeya na wenzao wa Iringa huniuliza swali lilelile: "Kaka, nina pesa kidogo na nataka kuanza Linux, ninunue laptopu gani?" Linux ni mfumo endeshi wa bure unaoweza kukaa badala ya Windows. Huwa nawajibu hivi: achana na mpya ya bei ya chini. Tafuta iliyotumika, ya daraja la ofisini, na usitoe pesa mpaka uione inawaka kwa Linux kutoka kwenye flashi yako mwenyewe.

Mashine mpya za bei ya chini zinavutia kwa sababu ziko ndani ya boksi na zina gundi ya kiwandani. Ndani yake mara nyingi unakuta prosesa (ubongo wa kompyuta) dhaifu ya Celeron, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 4 iliyochomelewa kwenye mazabodi, na hifadhi ndogo ambayo huwezi kuibadilisha. Siku ukitaka kuiongezea nguvu, fundi hana pa kushika. Lenovo ThinkPad za T, Dell Latitude na HP EliteBook zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Nyingi zinafunguka kwa bisibisi, RAM na SSD (hifadhi yenye kasi) zinabadilishwa, vipuri vinapatikana, na Linux inazifahamu vizuri kwa sababu hata baadhi ya wanaoiandika wanatumia mashine za aina hiyo.

Wakati huu nao unakufaa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo mashine za kizazi cha 6 na cha 7, ambazo bado ni nzima, zinaonekana zimepitwa. Kwa Linux hazijapitwa na chochote.

Jifunze kusoma jina la prosesa, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Muuzaji atakwambia "hii ni i7" na bei itapanda. Wewe angalia namba inayofuata baada ya kistari. i7-2620M ni ya kizazi cha 2, na i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Ile i7 ina koa 2 tu (koa ni sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), hii i5 ina koa 4. Pesa ikitosha kufika kizazi cha 8, kwa mfano ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5, fika hapo. Isipotosha, kizazi cha 6 chenye RAM ya GB 8 na SSD kitakufikisha salama mpaka unamaliza chuo.

Sasa flashi. Chukua ya GB 8 au zaidi, pakua Linux Mint, toleo la Linux linalomfaa anayeanza, faili la kama GB 3. Tumia waifai ya chuo, usiteketeze bando lako. Faili hilo halinakiliwi kama wimbo, linaandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, na chochote kilichokuwemo kwenye flashi kinafutika. Ukifika dukani, iwe Mwanjelwa, Kabwe au Miyomboni kule Iringa, ongea na muuzaji kwa heshima: "Kaka, naomba niiwashe kwa flashi yangu, sigusi kitu kwenye diski." Na kweli hugusi, ilimradi hujabonyeza alama ya kusakinisha. Ili iwake kwa flashi, kwenye Lenovo na Dell unabonyeza F12 wakati inawaka, kwenye HP ni F9. Muuzaji akikataa kabisa, mshukuru uende duka la pili.

Ikishawaka usikae unashangaa picha ya ukutani. Washa hotspoti ya simu yako uone kama laptopu inaiona na kuunganika. Waifai ya Intel kwa kawaida haina shida. Broadcom ndiyo inayosumbua, hasa mashine za zamani, kwani huhitaji draiva (programu ya kuendesha kifaa) ambayo nayo inataka intaneti. Ukikwama hapo, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti, Linux itaipokea mara moja. Piga wimbo, fungua kamera, andika kwa kila kitufe kimoja kimoja. Funga kifuniko, subiri kidogo, kisha fungua: mashine iamke na skrini irudi. Zile zilizotoka Ujerumani au Ufaransa herufi zake hukaa tofauti. Mpangilio unabadilishwa kwenye Linux, lakini maandishi juu ya vitufe yatabaki vilevile, na plagi ya chaja itakuwa ya pini mbili za mviringo.

Betri ndiyo ya kuikazia macho, maana umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani ni yeye atakayekubeba. Asilimia 100 kwenye kona ya skrini haikwambii uzima wake. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika upower -d, kisha tafuta mistari miwili: energy-full-design, yaani uwezo iliotoka nao kiwandani, na energy-full, uwezo ilionao leo. Kama ya kwanza inasoma Wh 48 na ya pili Wh 20, zaidi ya nusu ya betri imeshakufa. Muoneshe muuzaji namba hizo, mzungumze bei upya. T480 kwa kawaida ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje unaichomoa kwa mkono, kwa hiyo kuibadilisha hakukusumbui.

Kabla ya kuondoka, iwashe upya na uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza inapowaka: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache hapohapo hata bei iwe nzuri kiasi gani. Kulitoa ni kazi ngumu, na pengine mashine hiyo ina mwenyewe anayeitafuta.

Kuagiza Kariakoo kwa simu, mzigo uje na basi, kunaweza kupunguza bei, lakini majaribio yote hayo unayakosa. Kwa mtu anayeanza, nashauri aongeze kidogo anunue anapoweza kurudi kesho yake. Dai risiti ya EFD, na makubaliano ya kurudisha yaandikwe na tarehe.

MacBook za 2018 hadi 2020 zenye chipu ya T2 ziache kwanza, zinataka kazi ya ziada. Laptopu zenye kadi ya picha ya Nvidia zinafanya kazi, ila hula betri na zina mambo yao ya draiva.

Mwisho, waulize waliokutangulia kwenye kozi yako wanatumia programu gani. Python, R, QGIS na LibreOffice zinapatikana kwenye Linux. AutoCAD, programu ya michoro ya ujenzi, haina toleo la Linux, kwa hiyo wewe wa ujenzi pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, usifute Windows. Chukua SSD ya GB 256 au zaidi, hifadhi nakala ya kazi zako kwanza, halafu usakinishe Mint pembeni yake, kila ukiwasha uchague unaingia wapi.