Kauli za mataifa ya nje zina uzito gani?

Swali: Je, matamko ya serikali za kigeni humsaidia kweli mwandishi wa habari wa kujitegemea aliyeshtakiwa kwao?

Jibu: Humsaidia, ingawa kwa mwendo wa polepole unaoitesa familia yake. Azimio la Bunge la Ulaya, kwa mfano, halimfungi jaji wala rais wa nchi nyingine. Hupata nguvu pale linapoambatana na biashara, misaada au vikwazo. Nchini Myanmar, Wa Lone na Kyaw Soe Oo wa shirika la habari la Reuters, waliokuwa wakichunguza mauaji ya wanaume 10 wa Kirohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini humo, walihukumiwa mwaka 2018 kifungo cha miaka 7 kwa sheria ya siri za serikali iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, na licha ya Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya na Marekani kupaza sauti, rufaa zao zilitupwa hadi msamaha wa rais ulipowatoa Mei 2019. Mahakama haikubadili hata neno. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwandishi asiye na shirika kubwa nyuma yake aghalabu hatajwi popote, ilhali yeye ndiye anayehitaji zaidi wanadiplomasia waketi mahakamani siku ya kesi yake.