Gego la Miaka Sita Lisikupite

Mtoto akikaribia miaka sita, mfungulie mdomo penye mwanga utazame nyuma kabisa, baada ya magego ya utotoni. Hapo huota magego manne ya kudumu, mawili juu na mawili chini. Hayasubiri jino lingine ling'oke, ndiyo maana wazazi wengi hudhani nayo ni ya utotoni, yatang'oka tu. Hayang'oki! Na ndiyo huwahi kuoza, kwani sehemu ya kutafunia ina vifereji vyembamba ambavyo nyuzi za mswaki hazifiki chini. Biskuti na pipi hunasa humo, bakteria hula sukari na kutoa tindikali inayolimung'unya jino.

Magego ya binti yangu yalipotokeza yote, nilimpeleka akawekewe silanti, utando wa kuziba vifereji hivyo. Mapokezini waliuliza anaumwa jino gani. Haumwi, nikasema, na ndiyo sababu nimemleta sasa. Tumezoea mno kwenda kwa daktari wa meno shavu likishavimba.

Hakuchomwa ganzi wala kutobolewa. Daktari alisafisha gego, akapaka jeli ya tindikali kwa muda mfupi ili silanti ipate kushika, akasuuza na kulikausha mpaka likawa jeupe kama chaki. Akaweka pamba pembeni, akadondoshea silanti yenyewe, dawa ya majimaji, kwenye vifereji, kisha akaimulika kwa taa ya bluu ikakauka papo hapo. Kazi ni kumfanya mtoto atulie mdomo wazi, maana mate yakigusa, silanti haishiki. Kama hatulii, au gego bado limefunikwa nusu na fizi, muulize daktari kuhusu glasi ayonoma, aina nyingine ya silanti ambayo huvumilia unyevu kidogo.

Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinasema silanti huzuia asilimia 80 ya matundu ya magego kwa miaka 2. Lakini haikingi katikati ya jino na jino. Kwa hiyo mswaki uko palepale, asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno yenye floridi, madini ya kuimarisha meno, na wewe mzazi umsimamie. Kila mkirudi kliniki, daktari aangalie kama utando umebanduka, huongezewa.

Uliza bei mapema, na uulize kama bima yako inalipia. Magego mengine yanakuja akiwa na miaka kama 12, nayo yanahitaji hivyo hivyo.